Maswali ya Wasomaji: Marekebisho ya Excel Yaingieje Kwenye Kanzidata?

Barua zilizotufikia safari hii kutoka mikoa ya Mtwara na Lindi zinahusu jambo moja kwa pande zake mbalimbali, kwa hiyo tumezijibu pamoja. Majina ya walioandika na ya vyama vyao hatukuyachapisha.

SWALI: Mimi ni karani wa chama cha msingi cha ushirika wilayani Tandahimba. Daftari letu la wakulima wa korosho limo kwenye kanzidata (mfumo wa kompyuta wa kutunza taarifa kwa majedwali) ya aina ya MySQL, iliyotengenezwa na kijana mmoja ambaye siku hizi anapatikana kwa simu tu. Makarani wenzangu hawaijui kanzidata. Wanachokijua ni Excel. Kabla ya msimu tunawatolea orodha kwenye Excel, wanazunguka nayo vijijini wakirekebisha namba za simu, akaunti za benki na idadi ya mikorosho, kisha mimi ninakaa kuandika upya kila badiliko kwenye kanzidata, kazi inayochukua wiki kadhaa wakati mgawo wa salfa, dawa ya mikorosho, haungoji. Je, haiwezekani mtu akibadilisha seli kwenye Excel, kanzidata nayo ibadilike papo hapo? (Karani, Tandahimba)

JIBU: Inawezekana, ndugu karani, ila sikushauri uifanye kwa namna hiyo hasa uliyoieleza.

Kwanza tuondoe mkanganyiko unaowapata wengi. Excel ina njia yake ya kuunganishwa na kanzidata, ile iliyo kwenye menyu ya Data, na mtu akiona orodha ya wakulima imejitokeza kwenye lahajedwali huamini kwamba sasa anaandika ndani ya kanzidata yenyewe. Sivyo. Njia hiyo inasoma tu, haiandiki. Ukirekebisha namba ya simu humo, kisha ukabonyeza kitufe cha kuleta data upya, namba ya zamani inarudi na jasho lako limepotea. Ili Excel iandike kwenye kanzidata, ni lazima mtu atunge makro, yaani programu ndogo ndani ya faili la Excel, inayopeleka amri kwenye seva (kompyuta yenye kanzidata) kupitia kiunganishi cha ODBC, au mnunue programu ya nyongeza inayofanya kazi hiyo.

Kutunga makro ya namna hiyo si kazi kubwa kwa anayeijua. Shida ni yanayofuata. Kwenye Excel mtu hubahatisha, hubandika pasipo pake, huburuta kona ya seli akajaza mistari ishirini ya chini bila kukusudia, kisha hubonyeza Ctrl na Z mambo yakarudi yalivyokuwa. Kwenye kanzidata hakuna Ctrl na Z: badiliko likishathibitishwa, thamani ya zamani haipo tena isipokuwa kama kuna mahali ilipohifadhiwa mapema. Isitoshe, makro inahitaji jina la mtumiaji na nywila ya seva, na watunzi wengi huviandika humo humo ndani ya faili. Faili hilo likitiwa kwenye flashi na kupelekwa steshenari ili lichapishwe, nywila ya daftari lenu lote imekwenda nalo.

Jambo ambalo mimi ningelitanguliza kabla ya kuchagua programu yoyote ni namna ya kumtambua mkulima. Excel humtambua kwa mahali alipo, kwa mfano mstari wa 57. Kanzidata haijui mstari wa 57 ni nini. Tangu Edgar Codd wa kampuni ya IBM alipochapisha, mwaka 1970, nadharia ambayo kanzidata za aina ya MySQL zimejengwa juu yake, mistari ya jedwali huhesabiwa kuwa haina mpangilio wa kutegemewa, na kila mstari hutambulika kwa thamani iliyomo ndani yake, yaani ufunguo wa msingi. Jina la mtu haliwezi kuwa ufunguo huo. Katika kata moja unaweza kuwakuta akina Hamisi Saidi watatu au wanne, na mmojawapo akawa ameandikwa Hamisi kwenye fomu ya chama, Hamis benki na Khamis kwenye kitambulisho. Kila mkulima awe na namba ya uanachama isiyobadilika, isiyorithiwa na mwingine hata akifariki, na namba hiyo iwe kwenye safu ya kwanza ya kila orodha mnayoitoa, ikiwa imefungwa kwa ulinzi wa lahajedwali ili karani aione lakini asiweze kuigusa.

Hapo sasa tunaweza kupanga utaratibu. Ninachopendekeza ni kwamba lahajedwali lisiguse jedwali la wakulima moja kwa moja. Mwambie kijana wenu atengeneze jedwali la pili lenye safu zilezile, tuliite jedwali la mapokezi, ambalo kazi yake ni kama ya mizani ya ghala: gunia halipandi kwenye rundo kabla halijapimwa na kujulikana daraja lake. Faili la karani huhifadhiwa kwa muundo wa CSV, yaani maandishi matupu yaliyotenganishwa kwa mikato, likapakiwa kwenye jedwali la mapokezi, kisha amri moja ya kulinganisha hukutanisha majedwali mawili kwa namba ya uanachama na kuonyesha seli zilizotofautiana peke yake, thamani ya zamani upande huu na mpya upande ule. Ikiwa karani amepita kwa wakulima mia tatu na waliobadilika ni arobaini, utaona arobaini hao tu, na si mia tatu.

Orodha hii ya tofauti ndiyo inayokuokolea zile wiki, na ndiyo pia inayofichua makosa. Mkulima aliyekuwa na mikorosho 120 sasa ameandikiwa 1200: pengine amenunua shamba la jirani, lakini yaelekea zaidi kwamba kidole kimebonyeza sifuri mara mbili, na kwa kuwa mnalitumia daftari hili wakati wa mgawo, sifuri hiyo moja ni mifuko ya salfa ya watu wengine. Au karani amepanga safu ya simu peke yake badala ya kupanga jedwali zima, na kila mkulima akajikuta na simu ya mwenzake. Excel hutoa onyo mtu anapotaka kufanya hivyo, nalo huwa linapitwa haraka haraka. Kosa hili halionekani kwa macho ndani ya lahajedwali, kwa sababu kila seli ina namba ya simu iliyo sahihi kabisa. Linaonekana kwenye orodha ya tofauti, pale kijiji kizima kinapodai kwamba kimebadilisha simu kwa siku moja.

Yanayotiliwa shaka yakishachambuliwa na kurudishwa kwa karani husika, yaliyobaki yaingizwe yote kwa muamala mmoja: amri ya kuanza, amri za kurekebisha, kuhesabu kama mistari iliyoguswa inalingana na ile ya kwenye orodha, kisha COMMIT (thibitisha) ikiwa hesabu ni sawa, au ROLLBACK (rudisha ilivyokuwa) ikiwa si sawa. Umeme ukikatika katikati, kanzidata inarudi ilivyokuwa kabla hamjaanza, na hamtabaki mkijiuliza ni kata ipi iliyoingia na ipi iliyobaki nje. Hilo lakini linategemea jedwali lenu kuwa la aina ya InnoDB. MySQL imeitumia aina hiyo kama chaguo-msingi tangu toleo la 5.5 la mwaka 2010, ila kanzidata zilizorithiwa kutoka kwenye mifumo ya zamani zaidi huwa na majedwali ya MyISAM, ambayo hupokea amri ya ROLLBACK bila kurudisha chochote. Mpigie kijana wenu simu umuulize jambo hili kwanza.

Kuna amri mbili za kuziangalia kwa makini. Ya kwanza ni UPDATE, amri ya kurekebisha, iliyosahau sehemu yake ya WHERE inayotaja ni mkulima yupi, ambayo badala ya kurekebisha akaunti ya mkulima mmoja itawapa wakulima wote akaunti hiyo moja. Ya pili ni ile amri ya MySQL inayorekebisha mstari endapo ufunguo upo na kuingiza mstari mpya endapo haupo. Wataalamu huipenda kwa sababu inafupisha kazi, na mimi siipendi kwa daftari la wakulima: namba ya uanachama ikikosewa tarakimu moja, amri hiyo haitalalamika, itakuzalishia mkulima hewa. Wakulima wapya waje kwenye faili lao peke yao, na faili la marekebisho likikutwa na namba isiyokuwemo kwenye daftari, likataliwe.

Mkubaliane pia seli tupu ina maana gani. Karani anayeacha seli ya simu wazi huenda anamaanisha kwamba mkulima hana simu tena, au kwamba hakumkuta nyumbani, na kanzidata haiwezi kujua lipi ni lipi. Ningeweka kanuni kwamba seli tupu haibadilishi kitu, na anayetaka kufuta aandike neno FUTA. Vivyo hivyo mstari uliokosekana kwenye faili usichukuliwe kuwa mkulima amefutwa. Aliyejitoa au aliyefariki abadilishiwe hali kwenye safu yake na kumbukumbu zake za mauzo zibaki.

Kwa marekebisho ya mtu mmoja mmoja anayefika dirishani, utaratibu huu wote ni mrefu mno. Hapo tumieni dirisha lenye sura ya lahajedwali ambalo kwa hakika ni kanzidata yenyewe, kama vile Access, programu ya kanzidata ya Microsoft, iliyounganishwa na MySQL kwa ODBC, au LibreOffice Base, ambayo haina gharama. Access itakuruhusu kuandika ikiwa tu jedwali lina ufunguo wa msingi. Bila huo itakufungulia jedwali la kusoma. Nitaje kwa kupita kwamba kinyume chake, yaani kufungua faili la Excel ndani ya Access na kulirekebisha humo, kulizuiwa na Microsoft baada ya kushindwa mwaka 2005 katika kesi ya hataza (haki ya mvumbuzi) iliyofunguliwa na Carlos Amado wa Guatemala, kwa hiyo anayehangaika na faili linalogoma kuandikika asidhani kompyuta yake ni mbovu.

SWALI: Sisi tuko Lindi mjini na tunatunza orodha ya wakulima wa ufuta na korosho. Baada ya kupakia faili la Excel kwenye kanzidata tuligundua kwamba namba za NIDA zote zinaishia na sifuri tano, na namba za simu zimepoteza sifuri ya mwanzo. Aliyetutengenezea mfumo anasema kosa ni la Excel, karani anasema kosa ni la mfumo. Nani mkweli, na tunazirudishaje? (Mhasibu, Lindi)

JIBU: Kosa lilitokea Excel, ndugu mhasibu, ingawa mfumo nao ulipaswa kulikataa. Excel ikiona tarakimu tupu huchukulia kwamba ni namba ya kuhesabia, na kwa namba za kuhesabia hutunza tarakimu 15 tu. Namba ya NIDA ina tarakimu 20. Tarakimu tano za mwisho hugeuzwa kuwa sifuri, na kwenye seli unaona kitu kinachofanana na 1.98E+19. Kwa kuwa tarakimu nane za mwanzo ni tarehe ya kuzaliwa, wengi wakiitazama namba iliyoharibika huiona bado ni ya mtu yule yule, wakaridhika.

Habari mbaya ni kwamba tarakimu hizo tano hazimo tena ndani ya faili. Kubadilisha seli iwe ya maandishi baada ya hapo kunabadilisha sura tu. Rudini kwenye nakala ya akiba ya kanzidata iliyochukuliwa kabla ya upakiaji, na kama haipo, kwenye fomu za karatasi au kwa wakulima wenyewe. Msijaribu kukisia kwa kufuata namba za majirani.

Simu zina nafuu. Namba ya simu ya mkononi nchini kwetu ina tarakimu kumi na inaanza na 06 au 07, kwa hiyo iliyobaki na tarakimu tisa na kuanza na 6 au 7 inaweza kurudishiwa sifuri yake kwa amri moja bila kumsumbua mtu. Akaunti za benki zinazoanza na sifuri zisirekebishwe kwa njia hiyo, kwa sababu urefu wake hutofautiana baina ya benki na benki.

Kinga yake ni kuifanya safu iwe ya maandishi kabla namba hazijaingia humo. Faili la CSV lisifunguliwe kwa kubofya mara mbili, maana hapo Excel huamua yenyewe kila safu ni ya aina gani; lifunguliwe kupitia menyu ya Data, ambako unaulizwa. Toleo jipya la Excel, tangu mwishoni mwa mwaka 2023, lina sehemu kwenye chaguo zake ambapo unaweza kuzuia kuondolewa kwa sifuri za mwanzo na kukatwa kwa namba ndefu. Kwenye kanzidata, safu ya NIDA iwe ya maandishi, yenye sharti kwamba chochote kisicho na tarakimu 20 kamili hakipokelewi, na pia kwamba kinachoishia na sifuri tano kitolewe kando kikaguliwe.

Mkishaanza kukagua, tazameni pia tarehe na namba za uanachama. Tarehe 03/11/2024 ni ya Novemba kwetu, lakini kompyuta iliyowekwa mipangilio ya Marekani itaisoma kuwa ya Machi, na hakuna atakayeligundua hilo kwa kuangalia, kwa kuwa zote mbili ni tarehe halali. Andikeni 2024-11-03. Na kama namba zenu za uanachama ni za mtindo wa 4/12, yaani mkulima wa kumi na mbili wa tawi la nne, Excel itazigeuza kuwa tarehe bila kuuliza. Msijilaumu sana: wanasayansi wa vinasaba duniani walisumbuliwa na tabia hiyo hiyo miaka mingi, majina ya vinasaba kama SEPT1 na MARCH1 yakigeuka tarehe, hadi mwaka 2020 kamati inayosimamia majina hayo ilipotangaza kwamba imeyabadilisha yenyewe.

SWALI: Tuna makarani wawili, mmoja Newala na mwingine Masasi. Wote hupewa orodha ileile asubuhi, na jioni kila mmoja huleta faili lake. Hivi karibuni wote wawili walimrekebisha mkulima mmoja aliye na mashamba pande zote mbili, na aliyepakia faili mwisho akafuta kazi ya mwenzake. Tunazuiaje hali hii? (Msimamizi wa takwimu, Masasi)

JIBU: Ongezeni safu moja kwenye jedwali la wakulima, iitwe toleo, yenye namba inayopanda kwa moja kila mstari unaporekebishwa. Orodha inapotolewa asubuhi, safu hiyo nayo itoke, ikiwa imefungwa kama ya uanachama. Tuseme mkulima wenu alitoka akiwa na toleo la 6. Faili la Newala likifika kwanza, amri yake itasema: rekebisha mkulima huyu ikiwa bado yuko kwenye toleo la 6. Yuko, kwa hiyo anarekebishwa na kuwa toleo la 7. Faili la Masasi likifika nalo linatafuta toleo la 6 na halikuti. Kanzidata inajibu kwamba mistari iliyoguswa ni sifuri, na hiyo sifuri ndiyo kengele yenu. Badiliko la Masasi halijapotea, limo bado kwenye jedwali la mapokezi likisubiri mtu aamue.

Msiamue kwa kufuata saa. Aliyepakia mwisho huenda alimwona mkulima mapema kuliko mwenzake, akachelewa kwa sababu ya mtandao au usafiri. Kwa idadi ya mikorosho, suala lenu kwa kweli si la wakati: mkulima mwenye mashamba mawili anapaswa kuwa na mistari miwili kwenye jedwali la mashamba, kila mmoja ukiwa na namba ya shamba, na mkilitenganisha shamba na mtu, makarani wenu hawatagongana tena kwa jambo hilo. Watakaogongana ni wachache, kwenye simu na akaunti, na hao mkulima mwenyewe apigiwe simu na aulizwe.

Wekeni pia jedwali la kumbukumbu linaloandika nani alibadilisha nini, lini, thamani ya zamani na mpya, na lisiwe na mtu mwenye ruhusa ya kufuta humo, hata msimamizi.

SWALI: Hapa Nachingwea faili la marekebisho huwa tunalituma kwenye kundi la WhatsApp la makarani ili kila mmoja aongeze ya kwake. Kuna ubaya? (Katibu, Nachingwea)

JIBU: Upo. Kwanza, baada ya siku mbili mtakuwa na mafaili matano yenye jina moja na hakuna ajuaye lipi ni la mwisho. Pili, faili hilo lina majina, simu, akaunti na namba za NIDA za watu, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inamtaka anayekusanya taarifa hizo azilinde zisiwafikie wasiohusika. Kundi lenye makarani waliokwisha kuacha kazi lakini hawajatolewa haliwezi kuitwa ulinzi. Kila karani apewe faili la kata yake peke yake, lenye safu anazokwenda kurekebisha tu. Namba ya NIDA mara nyingi haina haja ya kutoka ofisini, kwa kuwa mkulima anatambulika kwa namba ya uanachama, na usipoitoa hata lile tatizo la sifuri tano la wenzenu wa Lindi halitawafika.